Viti 279

Vijana weusi wa Afrika Kusini waliozaliwa baada ya 1994 wana neno moja kwa Mandela aliyelala kaburini Qunu: ulituuza. Aliwasamehe makaburu, wanasema, nao wakabaki na mashamba, migodi na mabenki, mtu mweusi akaambulia kura na bendera mpya. Siku hizi nayasikia maneno hayo hata Dar es Salaam na Nairobi, na wanaoyasema wanaona shauri limekwisha. Uchungu wao naujua ulikotoka. Ila naona wamemkamata mtu asiye wao.

Uchungu wenyewe una mizizi mirefu. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwabana weusi, waliokuwa wengi kuliko wote, katika asilimia 7 ya nchi yao, na mwaka 1936 wakaongezewa ikafika 13. Serikali ilipokagua ardhi mwaka 2017 ikakuta kwamba katika mashamba yanayomilikiwa na watu binafsi, asilimia 72 yako mikononi mwa wazungu, ambao hawafiki hata asilimia 10 ya wananchi. Ukiwa Alexandra, kwenye vibanda vya mabati, maghorofa ya Sandton unayaona kwa macho, ng'ambo tu ya barabara kuu. Kijana asiye na kazi anayaona kila akiamka. Ukimwambia habari za upatanisho, usishangae akikugeuzia mgongo.

Lakini kijana huyo hakuiona Pasaka ya 1993. Kati ya 1990 na 1994, wakati wa mazungumzo ya kuumaliza utawala wa wazungu, watu kama 14,000 waliuawa katika vurugu za kisiasa. Boipatong peke yake, usiku mmoja wa Juni 1992, walichinjwa 45. Kisha ikaja Jumamosi ya tarehe 10 Aprili 1993. Chris Hani, kipenzi cha vijana wa vitongoji, mpiganaji wa ANC, chama cha Mandela, aliyewahi kukaa kambi ya Kongwa huku kwetu Tanzania, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Dawn Park, Boksburg. Aliyempiga ni mhamiaji wa Kipolandi mwenye siasa kali za mrengo wa kulia.

Rais siku ile alikuwa De Klerk, lakini uso uliotokea kwenye televisheni ya taifa, kuituliza nchi, ulikuwa wa Mandela, mtu ambaye hadi siku hiyo hakuwa amewahi kupiga kura katika nchi yake. Aliwaambia wananchi wazi kwamba mzungu aliyejaa chuki ndiye aliyefanya uovu huo. Papo hapo akawaambia la pili: jirani wa Hani, mwanamke mzungu wa kabila la makaburu, alihatarisha maisha yake kuwapigia polisi namba za gari la muuaji, na ndiyo maana amekamatwa. Damu ilimwagika siku zilizofuata, hilo halifichiki, ila vita ambavyo wengi walikuwa wanavitarajia havikuja. Wiki chache baadaye tarehe ya uchaguzi ilipangwa: 27 Aprili 1994. Jambo ambalo De Klerk alikuwa akilivuta mguu kwa miaka, Mandela alilipata kwa kuwazuia watu wake siku zile.

Wanaomwita laini wanasahau pia kwamba ndiye aliyeasisi Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri la ANC, mwaka 1961. Mwaka 1985 Rais Botha alimwambia atamfungua kutoka gerezani akilaani matumizi ya nguvu, naye akakataa. Bintiye Zindzi akalisoma jibu lake mbele ya umati uwanja wa Jabulani, Soweto. Akakaa ndani miaka mitano zaidi. Mtu wa kuuza nchi angeiuza siku ile, na bei ilikuwa nzuri.

Halafu kuna chai. Mwaka 1993 Jenerali Constand Viljoen, aliyewahi kuliongoza jeshi zima la nchi, alikuwa akikusanya maelfu ya makaburu wenye bunduki tayari kuuzuia uchaguzi. Mandela alimkaribisha nyumbani kwake Houghton, akammiminia chai kwa mkono wake, akazungumza naye kwa Kiafrikana alichojifunza gerezani. Machi 1994 Viljoen akaandikisha chama, akaingia kwenye kura. Vijana wanaona aibu wakiisikia chai ile. Aibu hiyo hiyo wanaiona wakisikia safari ya Orania, mji wa makaburu watupu, ya Agosti 1995, rais wa nchi alipomfuata Betsie Verwoerd, mjane wa mtu aliyeujenga ubaguzi wenyewe. Bibi alikuwa na miaka 94. Aliposhika karatasi yake maneno yakamshinda kusoma, Mandela akasimama ubavuni akimsaidia neno kwa neno, kwa Kiafrikana. Kwangu mimi huo ni ushindi ambao hakuna jeshi lingeuleta, maana kuanzia siku ile hakuna kaburu angeweza kuwaambia wanawe kwamba huyu mtu amekuja kuwamaliza.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana hapo ndipo kesi ilipo. Uchaguzi wa 1994 uliipa ANC asilimia 62.65 ya kura na viti 252 kati ya 400. Katiba ilihitaji theluthi mbili. Hawakuwa nazo, ikabidi wakubaliane na wengine, na kifungu cha 25 cha Katiba ya 1996, kinacholinda mali, ni zao la makubaliano hayo. Nawaomba wanaokilaani wakisome chote. Kinaruhusu serikali kutwaa mali kwa manufaa ya umma, na kinasema waziwazi kwamba kurekebisha umiliki wa ardhi ni manufaa ya umma. Fidia iwe ya haki, na katika kuipima bei ya soko ni kigezo kimoja tu kati ya kadhaa. Ule utaratibu wa kusubiri hadi mwenye shamba apende kuuza haumo hata kwa neno moja. Ulikuwa sera, na sera baraza la mawaziri huibadilisha kikao kimoja.

Tuseme hata hivyo kwamba kifungu ndicho kilichowafunga mikono. Mwaka 2004, Mandela akiwa ameshastaafu miaka mitano, ANC ilipata asilimia 69.69. Viti 279. Theluthi mbili ni 267. Majimbo yote 9 yakawa chini ya mawaziri wakuu wa ANC. Miaka mitano mizima chama kimoja kilikuwa na uwezo wa kukiandika upya kifungu cha 25 bila kumbembeleza mzungu yeyote, na hakikukigusa. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitafuta nilipokosea. Chama kilichokuwa na viti 279 kinatakaje tumlaumu aliyekuwa na 252? Na fedha ziliyoyoma kwingine: mageuzi ya ardhi yamekuwa yakitengewa chini ya asilimia 1 ya bajeti.

Habari ya Tume ya Ukweli, iliyochunguza maovu ya enzi za ubaguzi, ni hiyo hiyo. Msamaha wake haukuwa wa bure, mtu alipaswa kusema yote. Majalada zaidi ya 300 ya waliokataliwa au wasioomba yalikabidhiwa kwa waendesha mashtaka, na karibu yote yakaoza kabatini. Fidia iliyopendekezwa ilikuwa ya kila mwaka kwa miaka 6. Serikali ya Mbeki, aliyemrithi Mandela, ikatoa randi 30,000 mara moja, basi.

Mandela naye ana lake. Aliahidi kugawa asilimia 30 ya mashamba ndani ya miaka mitano, na alipoondoka 1999 haikufika hata 2. Mwaka 1996 serikali yake iliingia sera ya kubana matumizi bila kuwashirikisha wafanyakazi waliomweka madarakani, na hilo liliumiza. Msingi wa uzembe ulianza akiwa mezani.

Ila mwisho wa kupokea madai ya ardhi iliyoporwa ulikuwa 31 Desemba 1998, akiwa bado rais. Jopo la rais wa zamani Kgalema Motlanthe, lililokagua sheria za nchi, lilipotoa ripoti yake Novemba 2017, zaidi ya madai 7,000 ya wakati ule yalikuwa hayajaamuliwa. Waliotia sahihi fomu zile wakiwa na miaka 60 walikuwa wanakaribia 80, kama walikuwa hai.