Udi, kinanda na senti zilizopotea

Kwenye arusi za Mombasa siku hizi mara nyingi kinanda cha umeme ndicho kinachokaa mbele, udi hata hauonekani. Wazee hulalamika kwamba kinanda hakina utamu, vijana hucheka. Ugomvi huu ni mkongwe kuliko taarab yenyewe.

Anza na nota yoyote, upande kwa sauti ya tano safi, ile ya uwiano wa mitetemo wa 3 kwa 2, mara 12. Kisha anza tena palepale, upande oktava 7, yaani nota ileile ya juu zaidi, mitetemo ikizidi mara mbili kila hatua. Ungetarajia njia mbili zikutane. Hazikutani: ya kwanza imezidi, 531,441 kwa 524,288. Ziada hiyo ndiyo koma ya Pythagoras. Mwingereza Alexander Ellis, aliyeigawa oktava senti 1,200 katika miaka ya 1880, angeipimia senti 23 na ushei. Ndogo, lakini sikio huikataa.

Mwaka 1584 Zhu Zaiyu, mwana wa ukoo wa kifalme wa Uchina, alitoa hesabu ya kugawa oktava hatua 12 zilizo sawa kabisa, senti 100 kila moja, kama za kinanda. Kila sauti ya tano inapunjwa senti 2 hivi, na hakuna anayelia. Hapo vijana wana haki. Mwimbaji akija sauti imemkauka, mpiga kinanda anabonyeza kitufe, wimbo unashuka mzima.

Ila wazee hawalilii koma. Wanamlilia Zalzal, mpiga udi wa Baghdad aliyefariki mwaka 791, aliyeweka kidole kwenye uzi pasipo na jina, katikati ya nota zilizozoeleka. Mwanafalsafa Al-Farabi alipapima 27 kwa 22 juu ya uzi mtupu, karibu senti 355. Kinanda kina 300 na 400, basi. Siku hizi vipo vyenye kitufe cha kushusha nota senti 50, ikakaa kwenye 350. Senti tano tu, utasema. Lakini nota hiyo haitulii: kwenye Rast hukaa juu kidogo kuliko kwenye Bayati, zote mbili maqam, yaani mitindo ya nota ya Kiarabu, na robo toni zilizo sawasawa, za senti 50 kila moja, walizobishania wataalamu Cairo mwaka 1932, hazijui tofauti hiyo.

Hata hivyo wazee wetu wanasahau kitu. Taishokoto, ile ya Kijapani yenye vitufe kama taipureta, imepigwa kwenye taarab ya Mombasa miaka mingi, na nota zake zimefungwa vilevile kama za kinanda. Sijasikia mtu akiisema haina utamu. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni ujana wao wanaoukumbuka, si senti.

Juzi, kwenye arusi moja huko Mji wa Kale, kijana alipiga wimbo wa Bayati kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukikivuta kigurudumu cha kupinda sauti, nywele kwa nywele. Mzee niliyekaa naye aliacha kutafuna tambuu.

"Bado iko juu," akasema, akasogeza kiti mbele.