Dhambi Isiyolalamikiwa na Mtu

Jambo linalomtisha mapema mtu aliyeamini juzi ni kujiona mwovu kuliko alivyokuwa kabla ya kuamini. Nimelisikia mara nyingi katika darasa la ubatizo hapa Unguja, kwa vijana wa hoteli za Nungwi na Paje, kwa akina mama wa biashara ndogo ndogo Mwanakwerekwe, kwa watu waliohamia kikazi kutoka bara. "Mwalimu, mbona tangu niokoke ndiyo naona nina mabaya mengi?" Anayeuliza anadhani imani haikumkaa. Mimi humwambia akae hapo hapo, asikimbie, kwa sababu ndiyo kwanza ameanza kuona.

Tazama habari ya Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru, katika Luka 19. Yesu hakumsomea mashtaka. Alimwita ateremke kwenye mkuyu na kumwambia kwamba leo atashinda nyumbani kwake. Walionung'unika kuwa ameingia kwa mtu mwenye dhambi ni watu wa Yeriko. Zakayo alikuwa ameyasikia manung'uniko hayo miaka nenda miaka rudi na hayakumtoa hata senti moja. Aliposhapokewa ndipo alipoinuka mwenyewe akataja nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Mtu akijua kwamba hatafukuzwa, hapo ndipo anapopata nguvu ya kuangalia alichokificha.

Sasa, shuhuda zetu makanisani zina mtindo wake. Nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi, nilikwenda kwa waganga. Hizo ni dhambi kweli na sizipunguzi. Lakini mlevi alishaambiwa na mama yake, na mke wake, na majirani wote, kwamba pombe inamharibu. Dhambi ya namna hiyo ina walalamikaji wengi tangu zamani. Ninayoihofia zaidi kwa muumini mpya ni ile isiyolalamikiwa na mtu, inayofanywa mchana kweupe na kila mwenye heshima zake, na pengine sheria imeiruhusu.

Sisi wa Unguja tuna somo lake Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Mbele ya altare ya Kanisa Kuu la Kristo, sakafuni, pana mduara wa marumaru, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo ilipokuwapo nguzo ya kuchapia watu kabla ya kuuzwa. Biashara ile haikufanywa kwa kificho. Watumwa walilipiwa ushuru kwa kichwa, kama pembe na karafuu. Tena Mkristo asinyooshe kidole hapo: Wafaransa wenye mashamba ya miwa Mauritius na Réunion walinunua watu Kilwa na hapa kwetu, nao walikuwa wamebatizwa. Soko lilifungwa 1873 kwa mkataba ambao Sultan Barghash aliutia saini kwa kubanwa na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria Unguja na Pemba hadi 1897. Na ulipofutwa, waliolipwa fidia ni mabwana. Aliyelimishwa bure maisha yake yote hakulipwa kitu, na aliyemlimisha akalipwa kwa hasara ya kumkosa. Watu waliolipanga hilo walikuwa na sala zao, na dhamiri haikuwasumbua.

Ndiyo maana simuulizi mtu ni amri gani ameivunja. Namuuliza: nani ameumia mikononi mwako wala hukupata kulaumiwa?

Mama mmoja mwenye duka la vyakula aliulizwa swali hilo darasani, siku tuliyosoma Waraka wa Yakobo pale anaposema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Alikuwa ameshatoa ushuhuda wake wa waganga na watu wakapiga makofi. Siku hiyo alibaki wenzake walipoondoka. Alikuwa na msichana wa kazi kutoka Makunduchi, na kila chombo kilichovunjika alikikata kwenye mshahara. Msichana alipokwenda kwao kwenye msiba asirudi, mshahara wa mwezi ule ukabaki kwa bosi. "Lakini Mwalimu, mtaa mzima wanakata hivyo hivyo." Alisema kweli. Wanakata.

Tulichukua daftari tukaandika: sahani, jagi la kioo, thamosi, mwezi mzima wa mwisho. Jumla ilimstua. Alipanda daladala akaenda Makunduchi, akamkuta mama wa yule msichana, na binti akaitwa kutoka pwani alikokuwa akifunga mwani. Binti alizihesabu zile pesa polepole, akashukuru, kisha akasema, "Bi mkubwa, thamosi sikuivunja mimi."

Yule mama amenipa ruhusa niyaeleze haya. Aliniambia kwamba pesa alikwisha kuitubia akiwa bado njiani, bali hilo la thamosi hakuwa nalo kabisa moyoni. Alimsingizia mtoto wa watu, akamwamini mwanawe aliyesema "ni yeye", akasahau. Binti hakusahau. Mimi naamini toba ya yule mama ilianzia kwenye thamosi ile, maana hapo hakuwa tena na mtaa wa kujificha nyuma yake.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa wapo wanaoteswa na hofu tupu. Amesikia taarabu kwenye daladala, anaona amekufuru. Ameota ndoto mbaya, anataka kuombewa usiku huo huo. Huyo namtuliza. Roho wa Mungu akimwonyesha mtu dhambi humtajia jambo lenyewe, na mara nyingi humtajia na mtu mwenyewe, nawe ukajua la kufanya kesho asubuhi. Hofu isiyotaja kitu wala mtu humzungusha muumini mchanga hadi akachoka na imani yenyewe.

Na kuna mtego ambao kwetu Wakristo wa visiwani, kwa uchache wetu, unanasa upesi: kuipima nafsi kwa kuwatazama majirani wa dini nyingine. Mfalme Daudi aliposimuliwa na nabii Nathani habari ya tajiri aliyemchukua mwana-kondoo wa maskini, aliwaka hasira na kutoa hukumu ya kifo papo hapo. Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke na kumfanyia hila auawe, alikuwa ameshazikwa. Mtu anaweza kuwa hodari kabisa wa kuijua dhambi ikiwa ni ya mwingine. Muumini mpya akitoka darasani kwetu na uhodari huo tu, tumemdhulumu.

Kwa hiyo nawaomba mapadri na makatekista wenzangu kitu kimoja. Kwaresima tunawajaza wanafunzi sala na amri za kukariri ili wabatizwe mkesha wa Pasaka. Tuwaachie angalau wiki mbili za mwisho bila kipindi, na nauli ya daladala kwa asiye nayo. Wenye madeni ya watu waende wakayalipe, na wasiokuwa na pesa waende wakaombe radhi na kukubaliana lini watalipa. Atakayechelewa kurudi kwa sababu hiyo, abatizwe Pentekoste.