Window Haina Makosa

Ati virusi. Fundi wa kompyuta, mtu mzima, ana ndevu, kavaa kanzu safi, atazama skrini ya kompyuta yangu iliyojaa vidoti vya zambarau na mistari ya kijani kutoka juu hadi chini, kisha aniambia kwa upole kabisa: "Sheikh, hivi ni virusi."

Mimi nina heshima zangu, sipendi kupaza sauti mbele za watu. Lakini vidoti vyenyewe viko kwenye BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Window! Window bado haijaamka. Draiva, programu inayoiendesha kadi, haijapakiwa. Hivyo virusi vimedamka saa ngapi? Picha ikiharibika hata kwenye BIOS, shuku kebo, shuku skrini, shuku kadi ya grafiki, ile inayotoa picha, kutokaa vizuri kwenye sloti yake. Ukishayatengeneza hayo na vidoti vingalipo, basi aghalabu memori ya kadi ndiyo inayokata roho. Ingekuwa BIOS ni safi na balaa laanzia ndani ya Window, sawa, tungeshika draiva: zima intaneti isije Window ikajiletea draiva yake, ingia seif modi, Window ya vitu vya lazima tu, futa ya zamani kwa DDU, programu ya kufutia draiva, weka mpya. Haya si hayo.

Lakini fundi keshashika flashi. "Tupige Window kwanza."

"Tuchomoe kadi kwanza, ndugu yangu."

"Window ni mia tano tu. Office nakutilia bure."

Office ya kuandikia nini, na herufi zenyewe hazisomeki?

Haya, akubali kuchomoa. Aivuta kadi huku waya wa stima ungali ukutani! Mwisho wa sloti kuna kikulabu kidogo cha plastiki. Hubonyezwa kwanza ndipo kadi itoke. Yeye hana habari nacho, avuta tu, madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, yapinda. Kisha apuliza. Puu! Mombasa hii, hewa yenyewe ina chumvi, skrubu za nyuma ya kadi zishaota kutu, na yeye aongeza mate. Zile pini za dhahabu husuguliwa taratibu kwa raba nyeupe ya shule, kisha zikapanguswa kwa alkoholi ya isopropili, isipungue asilimia 90, ukangoja zikauke. Raba hana. Ana brashi ya rangi, na rangi yenyewe ingalipo.

Twaja kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta. Kadi ina matundu 2 ya pini 8. Sloti hutoa wati 75, kila tundu la pini 8 ni wati 150, na kadi kubwa yataka kebo 2 mbalimbali kutoka kwenye pawasaplai, si kebo moja yenye vichwa viwili. Fundi atoa adapta ya molex, plagi ya kizamani ya diski. "Waya ni waya, sheikh." Waya ni waya! Ndivyo nyumba zinavyoungua. Na hiyo pawasaplai yake ya kujaribia imebandikwa wati 650, ukiinyanyua nyepesi kama boflo.

Sasa sikiliza. Aiweka kadi kando, achomeka waya wa skrini, HDMI, kwenye madabodi, awasha. Giza. Avua miwani, aifuta, airudisha. "Pole sana. Madabodi nayo imekwenda."

Twala hitima ya kitu kizima! Prosesa ni i5-12400F, fundi! Hiyo F ya mwisho ni kwamba haina grafiki ndani. Bila kadi haitoi picha hata uisomee dua. Ilikuwa itiwe kadi nyingine, hata kuukuu, au hii ipelekwe kwenye kompyuta nyingine iliyo nzima: vidoti vikiifuata huko, kesi imekwisha. Yeye ashapiga hesabu ya madabodi, na Window, na ile Office ya bure.

Na usidhani mtaani kuna nafuu. Mmoja ashauri kadi iokwe kwenye oveni. Hufufuka kidogo, hufa tena, na keki za nyumba hiyo mwaka mzima zanuka lehemu. Mwingine aiwashia FurMark, programu ya kuichosha kadi, nusu saa, mgonjwa ahema naye amkimbiza. Joto likigonga digrii 90, zima! Na hii ni kaskazi, chumba chenyewe chatokota. Mwenye akili ni yule kijana wa kahawa aliyesema ipunguzwe kasi ya memori kwa programu ya MSI Afterburner, megahezi 300, hata 500: vidoti vikipungua, memori imekiri, na umepata siku kadhaa za kucheza. Kucheza! Kwa tokeni hizi za stima.

Basi itafutwe nyingine, ya mkononi, maana bei ya mpya usinitajie. Tangu Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, iache kuchimbwa kwa kadi, yaani kuzalishwa kwa hesabu za kadi usiku na mchana, Septemba 2022, kila muuzaji ana kadi "ya mwanafunzi, haijachimba hata siku moja." Mwambie aiwashe na GPU-Z, programu ya kukagulia kadi, mbele yako, kuna GTX 1050 Ti za uongo ambazo ndani ni GTX 550 Ti ya 2011, na programu hiyo huziumbua waziwazi. Huyu niliyempata mimi yuko Likoni. Ataka nivuke feri, nimkute stejini, nitume hela kwanza, ndipo aitoe kadi kwenye mfuko wa plastiki. Wa plastiki! Mifuko imepigwa marufuku tangu 2017, sisi twabeba samaki kwa gazeti, maji yatiririka hadi kiwikoni, na yeye ana mfuko mweusi mpya, una mikono. Kautoa wapi?