Magari Machache, Ekseli Nzito

Mwambie mhasibu wa halmashauri kwamba barabara ya lami inayopitisha magari 80 kwa siku inahitaji tabaka la msingi lililochanganywa saruji. Atakuuliza: kwa magari gani hayo? Wala hajakosea. Mwongozo wa Tanzania wa mwaka 2016 wa barabara zenye magari machache unaruhusu lami nyepesi juu ya changarawe ya hapo hapo, na fedha inayookolewa hufikisha lami kijiji cha pili. Aliyewahi kubeba mgonjwa kwenye tope hatabishana naye.

Ila sisi tunahesabu magari. Barabara inahesabu uzito. Jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1958 hadi 1960, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio kwa takriban miaka miwili. Ilionekana kwamba uharibifu hupanda kwa kipeo cha nne, au karibu na hapo, cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Hesabu hiyo ni katili. Ekseli ya tani 8 hailingani na ekseli kumi za gari dogo, kila moja ikibeba kilo 800. Inalingana na 10,000. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Pakia 13, kosa linaonekana dogo, kumbe madhara yamekaribia mara 3. Na mizani iko barabara kuu, si huku kwenye barabara za wilaya ambako mbao na mahindi ndiko yanakopakiwa.

Kwa hiyo yale magari 80 hayatuambii kitu. Bodaboda na bajaji hazina neno. Swali ni Fuso ngapi zinatoka shambani msimu wa mavuno, na zinakanyaga wapi. Chuchumaa ukingoni, mahali lori linapopisha: lami imekatika kama mkate mkavu, unene wake hauzidi kidole gumba, na chini yake kifusi kinachomong'onyoka ukikigusa. Hapo utaziba mashimo kila mwaka.

Saruji nayo ina ubaya wake. Ikizidi, tabaka hunywea na kupasuka, nyufa hupanda hadi juu, maji yakaingia. Udongo wa mfinyanzi huelewana zaidi na chokaa. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, wavu wa plastiki unaotandazwa chini ya barabara husaidia. Na mtaro ukiziba, vyote hivyo ni bure, hilo sibishani.

Lakini hakuna anayetaka kuimarisha barabara yote kwa saruji. Kuna chuma chenye ncha kinachopigiliwa ardhini kwa nyundo ya kilo 8, unapima kinazama kiasi gani kwa kila pigo. Watu watatu, siku chache, unajua ni vipande vipi laini. Mlimani lori linapopanda taratibu, kwenye bonde lenye maji, mbele ya ghala: saruji iende huko, kwingine changarawe inatosha.