Mvua ni ya Mungu, gata ni ya nani?

Niliapa sitaandika tena mambo ya siasa na kanisa juu mara ya mwisho shangazi alinitoa kwa grupu ya familia, lakini wiki jana nimeona kitu hapa Rongai, kaunti ya Nakuru, na kunyamaza kumenishinda.

Mheshimiwa mmoja, simtaji, alikuja kuongoza maombi ya mvua kwa uwanja wa shule ya msingi. Sijasema alikuja kuhudhuria. Alikuja kuongoza. Hema mbili, jenereta, spika za kutosha harusi tatu, na watoto wametolewa darasani wakasimamishwa kwa vumbi tangu saa nne wamngojee. Pasta wa hapo, mzee ambaye amezika nusu ya wazazi wa hiyo sehemu, akapewa nafasi ya kufungua na sala fupi, hata hajafika kwa amina MC akamkata, ati tuokoe muda, mheshimiwa ana programu ingine Nakuru mjini. Kisha mheshimiwa akashika maiki, akafumba macho, na kijana wa ofisi yake akasimama nyuma akimshikia mwavuli. Mwavuli wa jua. Mtu amekuja kuomba mvua na mwavuli aliobeba ni wa jua, haya.

Akaomba. Na anajua kuomba, hiyo simnyimi, sauti inapanda inashuka, kina mama wakaanza kupangusa machozi na leso. Akasema tumekosa kama taifa, tumemwacha Mungu, vijana wamekuwa na kiburi, TikTok ikatajwa, mavazi yakatajwa, ndio maana mbingu zimefungwa. Akasoma 2 Mambo ya Nyakati 7:14, mstari ambao nadhani wanasiasa wa Kenya hupewa pamoja na cheti cha IEBC, tume ya uchaguzi.

Sasa mimi nilikuwa nimejisogeza upande wa madarasa nikitafuta kivuli, na kitu nilichoegemea ni tanki. Tanki jeusi la lita elfu kumi, maandishi meupe ya mradi, na chini yake ofisi ile ile ya mheshimiwa. Nikaligonga, likalia tupu, hiyo si ajabu kwa ukame huu. Nikaangalia juu. Hakuna gata, ule mfereji wa pembeni mwa paa wa kukinga maji ya mvua. Paa refu la mabati, madarasa manne, na halina gata hata futi moja, hakuna paipu ya kushuka, na pale juu kwa mdomo wa tanki ndege wameshajenga. Yaani paa liko pale, tanki liko hapa, na hakuna kitu kinaunganisha hivi viwili. Kwa hivyo hata Mungu angejibu hayo maombi kabla mheshimiwa hajasema amina, maji yangeteremka kwa mabati yapige chini, yachimbe mtaro hadi kwa lango la shule, na tanki libaki venye lilivyo. Nikamuuliza mwalimu mmoja polepole, "Mwalimu, hii tanki vipi?" Akacheka. "Hiyo ilizinduliwa," akaniambia. "Ilizinduliwa tu."

Na kabla mseme namchukia huyu mtu mmoja, hii tabia haikuanza na yeye. Februari 2023 mnakumbuka. Rais Ruto alikuwa hapa hapa Nakuru kwa ibada ya Jumapili, tarehe 12, akatangaza siku ya maombi ya kitaifa, na Jumanne tarehe 14 Gachagua, wakati huo akiwa Naibu Rais, na mkewe mchungaji Dorcas wakaongoza maombi uwanja wa Nyayo, Nairobi. Rais alisema serikali imeshapanga mbegu, mbolea na mabwawa, sasa ni wakati wa kumhusisha Mungu. Misimu mitano mfululizo ilikuwa imefeli tangu mwisho wa 2020, mifugo zaidi ya milioni mbili imekufa, watu wa Turkana na Marsabit walikuwa hawana tena machozi. Sasa nani atapinga maombi wakati kama huo? Mimi mwenyewe niliomba.

Na mvua ikaja. Machi ikanyesha, sehemu nyingi ikanyesha vizuri, na wataalamu wa hali ya hewa wa kanda hii yote walikuwa wametabiri itakuwa haba. Msinikumbushe, nimekumbuka mwenyewe. Kama unataka kusema Mungu aliwaaibisha wataalamu sina la kukujibu na sitajaribu.

Lakini tuendelee na hiyo stori, kwani huwa mnapenda kuishia hapo. Mwisho wa 2023 ikaja El Nino. Halafu masika ya 2024, na usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili maji yakashuka kutoka Old Kijabe yakazoa nyumba, magari na watu Mai Mahiu, kaunti hii hii yetu, watu zaidi ya 40 wakafa wakiwa kitandani. Wengi wetu tulisema bwawa limepasuka. Halikuwa bwawa. Ni maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu handaki la kupitisha mto chini ya reli lilikuwa limeziba na matope, mawe na magogo. Mvua ilikuwa ya Mungu, sawa, tuliiomba na ikaletwa. Hilo handaki lilikuwa la nani? Nani alikuwa na kazi ya kuamka asubuhi, kuvaa buti na kwenda kuliangalia? Na hatukuwa wageni wa maafa ya aina hiyo, Solai mwaka wa 2018 bwawa la mtu binafsi lilipasuka Mei likaua watu zaidi ya 40 pia, wengi watoto, ndipo tukaanza kuuliza mabwawa mangapi yako juu ya vichwa vya watu na nani huyakagua. Uwanjani kule Rongai, ambako Solai si mbali, sikusikia dhambi ya kutokagua ikiungamwa. Nilisikia TikTok.

Hapa ndipo damu yangu inachemka. Mwananchi akiomba mvua anaomba kitu ambacho hana uwezo nacho. Ofisa akiomba mvua akiwa kazini, na gari la kazi, na spika za kazi, anafanya kitu kingine kabisa, anatoka kwa kiti cha mwenye kuulizwa anakuja kujipanga na sisi kwa laini ya waombaji. Sasa sisi tutamuuliza nani? Wote tumepiga magoti tukiangalia juu. Ni kama dereva wa matatu aachilie usukani kwa ule mteremko wa Salgaa ageuke nyuma atuongoze kwa maombi, na sisi badala ya kupiga kelele tunaitikia amina. Ukame wenyewe haushtukizi mtu nchi hii. Hapa jirani Baringo, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa kila mwezi, malisho yako hivi, mama anatembea umbali huu kutafuta maji, bei ya mbuzi imeshuka hivi. Kila mwezi! Kuna mtu analipwa mshahara asome hizo karatasi na kuna mwingine analipwa afanye kitu akishasomewa.

Na toba ya jumla ni tamu sana kwa mtu mwenye makosa yake binafsi. Ukisema "tumekosa" mbele ya watu elfu, umegawa kosa lako kwa watu elfu, kila mtu anarudi nyumbani na kipande kidogo. Mama Chebet wa kibanda cha mboga ametubu kwa ajili ya gata ambayo yeye hakuila. Siku moja nataka kusikia mheshimiwa akiomba hivi: Baba, zile pesa za gata, unajua zilienda wapi, na mimi najua. Hapo nitapiga magoti nivue na viatu.

Mama yangu, ambaye ni wa Mothers' Union, chama cha akina mama wa Anglikana, na Biblia yake imechakaa, nilimweleza haya yote kwa simu akanijibu bila kufikiri mara mbili: Sulemani alikuwa mfalme, na aliomba mbele ya taifa lote, na ukame aliutaja kwa hayo maombi. Ni kweli, ametaja. Nikamwambia lakini mama, Sulemani alimaliza mradi kwanza. Miaka saba akajenga hekalu, akalimaliza, ndio akasimama kuomba. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilizinduliwa 2017 litupe maji watu wa Nakuru, mwaka uliofuata kazi ikasimama, mkandarasi Mwitaliano akaishiwa, limeahidiwa kufufuliwa zaidi ya mara moja na tangu hapo Sulemani angekuwa amejenga na kumaliza na kuanza nyumba yake. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Na kama tunaleta Wafalme basi tulete wote. Kwa ule ukame mkubwa wa miaka mitatu na zaidi, aliyeomba mvua Karmeli ni Eliya, si Ahabu. Eliya hakuwa na cheo serikalini. Na kabla hajaomba, Ahabu alimwona akamwambia, ni wewe unayeitaabisha Israeli? yaani lawama kwa nabii, na Eliya akamrudishia pale pale, si mimi, ni wewe na nyumba ya baba yako. Pasta gani wa leo anaweza kumwambia mheshimiwa hivyo akiwa ameketi kwa hema na bahasha iko njiani? Lakini kitu ambacho watu huruka kwa hiyo sura, 1 Wafalme 18, ni mstari wa tano na wa sita. Ahabu, pamoja na ubaya wake wote, alimwita Obadia wakagawana nchi, wewe pita huku mimi nipite kule, watafute chemchemi na majani ili farasi na nyumbu wasife. Mfalme mwenyewe, kwa miguu yake, anatafuta maji. Hata Ahabu! Sisi tunaomba tu wakubwa wetu wafike hapo kwa Ahabu, hatujadai Daudi.

Wa Katiba najua mnaningoja. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali, cha 43 kinasema maji safi ya kutosha ni haki ya kila mtu, na Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya kutuletea hayo maji. Sioni mahali imeandikwa kaunti itafanya maombi. Sawa, utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unamtambua Mungu na wimbo wetu wa taifa ni ombi kutoka neno la kwanza, kwa hivyo sitajifanya tuko Ufaransa. Rais akitangaza Julai 2025 kwamba anajenga kanisa Ikulu kwa pesa zake na hataomba mtu msamaha, nusu ya nchi ilishangilia, hiyo ndiyo nchi yetu. Lakini wale watoto waliosimamishwa juani hakuna aliyewauliza ni wa dini gani. Rafiki yangu Mwislamu wa Bondeni mtoto wake alikuwa kati yao. Na wao wana swala yao ya kuomba mvua, wanaenda uwanja wazi na nguo za kawaida, kwa unyenyekevu, imamu anaongoza na kugeuza joho lake. Hakuna hema la wageni mashuhuri.

Baba yangu ni Munyore, Mluhya wa Bunyore, na kule Emuhaya mnawajua ukoo wa Nganyi, wazee wa mvua. Kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa akisema wale wazee hawakulala vizuri msimu ukichelewa, juu mvua ikikosa ni wao, mvua ya mawe ikipiga mtama ni wao. Walipewa kuku na mbuzi, ndio, lakini lawama pia ilikuwa yao na ilifika hadi mlangoni. Na hawakuwa wakikisia tu, waliangalia miti inavyochanua, ndege, wadudu, na siku hizi wanakaa na watu wa Idara ya Hali ya Hewa wanalinganisha kabla ya utabiri kufikia wakulima. Mheshimiwa wetu anataka heshima ya Nganyi. Lawama yake hataki, kuku tumempa tayari.

Makanisa yenyewe yalikuwa yameanza kuamka, hiyo nikiri. Septemba 2021 kule Butere, siku ya kumsimika Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Sapit wa Anglikana aliwanyima wanasiasa mimbari na wakubwa walikuwepo wameketi. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki akakataa pesa za Rais zilizotolewa kwa parokia moja Nairobi. Nilifurahi nikafikiri basi, imeanza, itashuka hadi kwetu.

Kwa hivyo Jumapili baada ya ibada nikamfuata pasta wangu, nikamuuliza kama siku ya maombi mengine ya mvua anaweza kushika maiki mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho na mheshimiwa akae kwa benchi aombewe kama sisi wengine, na akitoka aulizwe mambo ya maji. Akaniangalia kwa huruma, kwa kweli mimi humpenda huyu mzee, akanionyesha juu kwa dari. Paa la kanisa linavuja. Harambee ni mwezi ujao na mgeni wa heshima kadi yake imeshapelekwa.