Walituita wenyewe, sasa wanatuhesabu

Nianze na jambo ambalo Wakenya wenzangu wengi hapa Uingereza hawapendi kulisikia: nchi ina haki ya kuamua itapokea watu wangapi. Mimi sina shida na hilo kabisa. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 idadi ya walioingia ukitoa waliohama ilipita 900,000, nchi yenyewe ina watu kama milioni 69, sasa huwezi kumwambia jirani yako Mzungu eti anaota akisema watu wameongezeka. Tena huyu jirani ameahidiwa tangu 2010 enzi za waziri mkuu David Cameron wa chama cha Conservative kwamba hiyo namba itashuka chini ya laki moja kwa mwaka, haikushuka, akaja kupiga kura ya Brexit 2016, ya kujitoa Umoja wa Ulaya, akiambiwa mipaka inarudi mikononi mwake, na chama kilekile kilichomuahidi ndio kikaja kufungua mlango kuliko wakati wowote tunaoujua. Ana haki ya kukasirika. Ninachobishana nacho mimi ni hasira yenyewe inapopelekwa.

Manake wengi wetu hatukuruka ukuta wala hatukuja na mitumbwi. Februari 2022 serikali ilifungua viza kwa wafanyakazi wa kea, yaani kutunza wazee, kuwaogesha, kuwageuza usiku wasipate vidonda vya mgongo, kwa sababu korona ilikuwa imewachosha wafanyakazi wa hapa na wale wa Ulaya walikuwa hawawezi tena kuingia kiholela baada ya Brexit, nyumba za wazee zikabaki na zamu hazina mtu. Tangazo likafika kwetu kwa kasi ya moto. Kuna dada mmoja wa Kilifi namfahamu vizuri, aliuza kiwanja alichoachiwa na babake akampa ajenti pesa, akaahidiwa masaa 39 kwa wiki, alipofika akakuta masaa yenyewe hayafiki hata nusu, wiki nyingine hakuitwa kazini kabisa. Akilalamika anaambiwa kumbuka viza yako iko na sisi. Baadae kampuni ikafutiwa leseni ya kudhamini wageni, na barua iliyomfikia yeye, yeye aliyeibiwa, ikamwambia ana siku 60 atafute mdhamini mwingine ama aondoke. Na hayuko peke yake, leseni zaidi ya 470 za kampuni za kea zilifutwa kati ya 2022 na mwisho wa 2024, hebu fikiria nyuma ya kila leseni kulikuwa na watu wangapi waliouza nini.

Sasa mlango umefungwa, Julai 22, 2025 serikali ilizuia kuajiri watu wa kea moja kwa moja kutoka nje, na ile namba ya walioingia ukitoa waliohama imeporomoka, mwaka ulioishia Juni 2025 ilikuwa imeshuka hadi kama 204,000. Kufunga sawa, ni nchi yao. Lakini haikuishia hapo. Waliokuja kwa masharti ya kukaa miaka mitano ndio waombe ukaazi wa kudumu waliambiwa mwaka 2025 huenda ikawa 10, na kwa watu wa kea lilitolewa pendekezo la 15. Huyu dada alifika 2023 akihesabu 2028. Kwa hesabu ya pendekezo hilo ni 2038. Hakuvunja sheria yoyote, masharti ndio yamemkimbia akiwa ashaingia njiani.

Na hii ndio sababu nasema huwezi kujadili uhamiaji wa Uingereza bila kuugusa ukoloni, sio kwa sababu nataka mtu aniombe msamaha, ila kwa sababu mchezo ni uleule na ushachezwa kabla. Mwaka 1948 bunge lao lilipitisha sheria ya uraia iliyosema mtu wa Jamaica, wa Nairobi, yeyote aliyezaliwa koloni, wote ni raia wa Uingereza na makoloni yake, njooni. Juni mwaka huohuo, sheria ikiwa bado haijapita, meli ya Empire Windrush ilikuwa imeshatia nanga bandari ya Tilbury ikiwa na mamia ya watu wa Karibiani. Watu wakaendesha mabasi, wakafagia hospitali, wakawa manesi. Ilipofika 1962 sheria ikabanwa. Alafu 1968 ikabanwa tena, na hii ya 1968 inatuhusu sisi moja kwa moja.

Wahindi wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza, walipewa na Waingereza wenyewe wakati wa uhuru. Na sisi Wakenya tusijitoe hapa, serikali yetu ilileta sheria za leseni za biashara na vibali mwaka 1967 zikawabana wale ambao hawakuchukua uraia wetu, wakaanza kupanda ndege kwa mamia. Basi London wakapitisha sheria kwa siku tatu tu, Machi 1, 1968 ikawa sheria kamili: pasipoti yako haitoshi, lazima uwe na mzazi ama babu aliyezaliwa Uingereza ama aliyepata uraia kulekule. Kila mtu alijua nani ana babu wa Uingereza na nani hana. Wiki chache baadae, Aprili 20, mbunge Enoch Powell akasimama Birmingham na ile hotuba yake ya mito ya damu, ya kupinga wahamiaji, mtu ambaye alishakuwa waziri wa afya wakati hospitali za serikali zikijaa manesi na madaktari wa kutoka makoloni.

Na walifikaje Kenya hawa Wahindi? Wengine walikuwa pwani na Unguja zamani kabla ya Mzungu yeyote, biashara ya jahazi hiyo, lakini vibarua zaidi ya elfu 30 waliletwa na Waingereza kujenga reli kutoka Mombasa, kazi ilianza 1896, ikafika ziwani Kisumu 1901, kama 2,500 walifia njiani. Wengi walirudi kwao, elfu kadhaa wakabaki. Na reli ilipoisha wakaletwa walowezi kutoka Uingereza, ardhi ya juu kule nyanda za bara ikatengwa kwa ajili yao, na wenyeji wakasukumwa kwenye hifadhi na kutozwa kodi ya serikali kwa kila nyumba ili walazimike kwenda kuwafanyia kazi. Hao pia walikuwa wahamiaji. Hakuna aliyewauliza wenyeji kama kuna nafasi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliokuja kuwa mstari wa mbele kufunga mlango wengine ni watoto wa safari hiyohiyo. Babake Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu, alizaliwa Kenya, mamake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, walitoka Uganda. Babake Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyohiyo baadae, aliondoka Kenya 1968, mwaka uleule wa ile sheria. Na ni wao watatu walioshika bendera ya mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda, mpango uliotangazwa 2022, Mahakama ya Juu ikaukataa Novemba 2023, serikali mpya ikauzika Julai 2024 baada ya pauni kama milioni 700 kuteketea. Siwanyimi haki ya kuwa na msimamo wao. Lakini mtu ambaye familia yake iliokolewa na mlango kuwa wazi anapaswa kuongea kwa adabu zaidi kuhusu walio nje.

Na hata sisi tuko hivo. Juzi kati tulikuwa ukumbini Leicester, mchango wa kusafirisha maiti nyumbani, watu wamekaa na sahani za pilau, mzee mmoja aliyefika hapa miaka ya tisini akaanza, "Hawa wa viza ya kea wamezidi, wamefanya nyumba zipande kodi, sisi zamani tulikuwa wachache na tuliheshimika." Nikamwambia, mzee wangu, shikamoo kwanza, lakini kodi ilianza kupanda kabla hawa hawajafika. Tangu sheria ya 1980 ya waziri mkuu Thatcher, nyumba za kaunsili, yaani za serikali ya mtaa za kupangisha, karibu milioni mbili zimeuzwa England peke yake na zilizojengwa kuziba hilo pengo ni chache mno. Serikali ikaweka lengo la nyumba 300,000 kwa mwaka, hawajawahi kulifikia. Nakubali watu wakiongezeka foleni ya daktari inarefuka na darasa la mtoto linajaa, huo ni ukweli na anayeukataa anatuharibia. Ila uzazi wa hapa haufiki hata watoto wawili kwa mama, wazee wanaongezeka kila mwaka, nani atawageuza kitandani? Mzee akasema, "Mwanangu, wewe una maneno," akaendelea na pilau yake.

Agosti 2024, zile vurugu baada ya msiba wa Southport, ambapo watoto watatu waliuawa kwa kisu, kule Rotherham waliizingira hoteli yenye waomba hifadhi wakajaribu kuichoma na watu ndani. Wiki ile wenzangu wa zamu ya usiku walikuwa wanarudi nyumbani wanne wanne kwenye gari moja. Waliokuwa barabarani wakipiga kelele hawakuuliza nani ana viza ya 2022 na nani alifika miaka ya tisini, mzee wangu wa Leicester wangempiga vilevile.

Kitu kimoja cha ukoloni bado kinafanya kazi na wengi wetu hatujui. Ukiwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na unaishi hapa kihalali, unaruhusiwa kupiga kura uchaguzi mkuu wa bunge. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda pia kwa sababu Rwanda ilijiunga 2009, hata kama viza yako ni ya kea na ulifika mwaka jana. Mpolandi aliyekaa hapa miaka 20 bila kuchukua uraia hana kura hiyo, na Mkongo vilevile. Kujisajili ni kwenye mtandao, dakika chache. Kuna mbunge wa Leicester aliyeshinda 2024 kwa tofauti ya kura chache sana na sisi tunajaza kumbi kila mwezi. Niliuliza pale ukumbini nani amejisajili, mikono ikainuka michache ya kuhesabika, na wa yule dada wa Kilifi haukuwemo, hakuna aliyekuwa amemwambia kama anaruhusiwa. Tulimsajili palepale kwa simu yake.