Mbona hawarudi na daftari?

Mzazi wa mjini akishalipa ada anataka kuona daftari. Lirudi jioni limejaa a e i o u ukurasa mzima, vema nyekundu pembeni, na kazi ya nyumbani ya kumkalisha mtoto mezani hadi usingizi umchukue. Ndiyo maana chekechea za Montessori, yaani zile ambazo mtoto hujifunza kwa kushika vifaa na kujifanyia kazi mwenyewe, hasa hizi zinazoendeshwa na masista hapa Tanzania, hazikosi lawama kwenye vikao vya wazazi. Yaani tunalipa hela yote hiyo watoto wakamimine maji?

Naam, wanamimina maji. Mimi mwenye mtoto huko nasema waendelee.

Mtazame mtoto wa miaka mitatu akiwa kazini. Anachukua sinia rafuni, lina jagi mbili ndogo, moja ina maji. Analibeba kwa mikono miwili hadi mezani bila kugongana na mwenzake. Anamimina, yanamwagika, anafuata kitambaa, anafuta, anaanza upya. Akitosheka analirudisha sinia pale pale alipolikuta, maana kuna mwenzake anayelisubiri. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyemfokea. Mtoto huyo huyo nyumbani tunamnyang'anya kikombe kwa kuogopa atalowesha zulia.

Kisha kuna vile vibao vya mbao vyenye matundu kumi na vipande kumi vya duara, kila kipande na kishikio chake kidogo juu. Kipande kimoja kina tundu moja tu linalokifaa sawasawa. Ukikosea, mwishoni kinabaki kipande kisichoingia popote, basi mtoto anajua mwenyewe kwamba kuna mahali kapotea, anarudi nyuma kutafuta. Mwalimu hana haja ya kusema "umekosea". Na kishikio chenyewe kinashikwa kwa vidole vitatu, vile vile vitakavyoshika penseli baadaye. Mwandiko unaandaliwa pale, kabla penseli haijaguswa.

Kusoma sasa, jambo linalowaumiza wazazi vichwa. Herufi zimekatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya kibao. Mtoto anaipitia herufi kwa vidole huku akitamka sauti yake: mmm, aaa. Mwalimu anakwenda kwa hatua tatu: hii ni mmm, nionyeshe mmm, hii ni ipi? Hatua ya tatu ikigoma, anarudi ya kwanza bila kununa. Baadaye mtoto anapewa kisanduku cha herufi za kupanga, na siku moja unamkuta mkekani amepanga "kuku" au "paka" wakati mkono wake haujaweza kuyaandika maneno hayo.

Kwa Kiswahili njia hii inateleza, kwa sababu tunaandika karibu kama tunavyotamka. Kiitaliano alichoanza nacho Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeibuni njia hii, kina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo shule inapochukua jina lake na vifaa vyake vyote, halafu ikapiga marufuku Kiswahili darasani ili iwafurahishe wazazi, imeanza kwa kuitupa faida iliyokuwa imeipata bure. Kiingereza kitakuja, lakini mtoto asianze kusoma kwa lugha ambayo herufi zake zinabadilisha sauti kila kona.

Jina, kwa bahati mbaya, halina mwenyewe. Yeyote mwenye rangi na brashi anaweza kuandika Montessori getini, ndani akapanga madawati kwa mistari na kuweka fimbo nyuma ya mlango. (Majoho ya mahafali kwa watoto wa miaka sita nayaacha, nikianza sitamaliza.) Shule nyingine zimeligeuza jina hilo kuwa sababu ya kupandisha ada, wakati "nyumba ya watoto" ya kwanza, kama Montessori alivyoiita shule yake, ilifunguliwa Januari 6, 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa makabwela jijini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walikuwa vibaruani mchana kutwa. Vifaa navyo visiwe kisingizio. Ule mnara wa waridi ambao watoto huupanga ni vipande kumi vya mbao, kuanzia sentimita 1 hadi sentimita 10 kila upande. Seremala wa Keko ukimpa vipimo na kumsisitizia asikosee, anautengeneza.

Kinachonisikitisha zaidi ni wazazi wanaovumilia miaka miwili, kisha wanamhamisha mtoto akiwa na mitano ili akakaririshwe kwa ajili ya usaili wa darasa la kwanza. Darasa la Montessori huchanganya watoto wa miaka mitatu hadi sita kwa makusudi. Mdogo hujifunza kwa kumtazama mkubwa. Mkubwa naye hukielewa kitu kwa undani anapomwonyesha mdogo. Mwaka wa tatu ndio mwaka wake wa kuwa mkubwa: kumfunga mwenzake vifungo, kumwonyesha jinsi ya kubeba sinia, kuhesabu shanga hadi elfu. Unamtoa hapo hapo, unampeleka mahali ambapo yeye tena ndiye mdogo, na ada ya miaka miwili ya mwanzo umeshailipa.